Kaswende na Hukumu: Jinsi Nchi Mbalimbali Zilivyopambana na Ugonjwa Mmoja

Katika Kiswahili kaswende, kisonono na pangusa huwekwa chini ya jina moja, yaani magonjwa ya zinaa. Jina hili limezoeleka mno hata hatulisikii tena. Limeandikwa kwenye mabango ya zahanati, limo katika vitabu vya shule, nalo hutamkwa mimbarani bila kusita. Lakini zinaa si neno la utabibu. Ni neno la amri ya sita. Mtu anayeambiwa kwamba ana ugonjwa wa zinaa amekwisha kuhukumiwa kabla hajaulizwa neno lolote, na miongoni mwa wanaohukumiwa hivyo yumo mke aliyeletewa ugonjwa na mumewe nyumbani, na mtoto aliyeupata tumboni mwa mama yake.

Katika makala hii tunakusudia kufuatilia historia ya udhibiti wa kaswende katika baadhi ya nchi za Ulaya, Amerika, Asia na Afrika Mashariki. Hatuandiki kama waganga. Tunaandika kwa sababu Kanisa limekuwamo katika historia hii tangu mwanzo wake, mara nyingine kama mtetezi, mara nyingine kama hakimu, na walau mara moja kama mlango ambao watu walipitishwa kwenda kudhulumiwa.

Yafaa kwanza msomaji akumbushwe ugonjwa wenyewe ulivyo. Huanza kwa kidonda kisichouma, ambacho hupona chenyewe. Majuma au miezi kadhaa baadaye hutokea vipele mwilini, hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka bila dawa. Kisha ugonjwa hujificha, pengine kwa miaka mingi, na katika baadhi ya wagonjwa hurudi kuharibu moyo, mishipa mikubwa ya damu, ubongo na uti wa mgongo. Kwa mama mjamzito hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Tabia hii ya kujificha ndiyo iliyowapa waganga wengi wa kale sifa wasiyostahili, kwa maana kila dawa ilionekana kuponya ugonjwa ambao ulikuwa umejiondokea machoni tu.

Ugonjwa wa jirani

Ugonjwa huu ulijulikana Ulaya kwa ghafula wakati jeshi la Charles VIII, mfalme wa Ufaransa, lilipoingia Naples mwaka 1495. Askari wake walikuwa wa mataifa mengi, nao waliporudi makwao waliusambaza. Waitalia wakauita ugonjwa wa Wafaransa, Wafaransa wakauita ugonjwa wa Naples, na Warusi wakasema umetoka kwa Wapolandi. Kila taifa liliona kwamba uchafu huo umetoka kwa jirani. Jina la kitaalamu linalotumika leo katika lugha nyingi za Ulaya lilitokana na shairi la Kilatini ambalo mganga Girolamo Fracastoro wa Verona alilichapisha mwaka 1530. Ndani yake mchungaji wa mifugo aitwaye Syphilus anaadhibiwa na mungu jua kwa kumkufuru. Hivyo hata jina hilo la kitaalamu lilizaliwa pamoja na adhabu.

Mwaka huohuo wa 1495 Kaisari Maximilian I alitoa amri dhidi ya wakufuru katika mkutano mkuu wa dola huko Worms, na katika amri hiyo ugonjwa huo mpya ulitajwa miongoni mwa mapigo ambayo Mungu ameyaleta kwa sababu ya matukano ya watu. Worms ni jina linalojulikana na kila mwanafunzi wa historia ya Kanisa kwa mambo ya mwaka 1521. Ni vema likumbukwe pia kwa jambo hili la miaka 26 kabla yake, maana tangu hapo maelezo hayo ya adhabu hayajatoka kabisa katika mahubiri.

Mtu aliyejaribu kusema kinyume alikuwa mgonjwa mwenyewe. Ulrich von Hutten, mwanachuoni na mshairi aliyekuja kuwa mtetezi mkali wa Luther, alichapisha mwaka 1519 kitabu juu ya ugonjwa wake na juu ya mti wa guayako ulioletwa kutoka visiwa vya Amerika. Humo alieleza bila kuficha jinsi alivyotibiwa kwa zebaki mara 11 katika miaka 9: kupakwa marhamu, kufungiwa chumba chenye joto kali, meno kulegea na mate kutiririka bila kukoma. Jambo la kushangaza ni kwamba kitabu hicho alikitabaruku kwa Albrecht, Askofu Mkuu wa Mainz, yuleyule ambaye Luther alimpelekea hoja zake 95. Hutten hakuona haya kumwandikia askofu mkuu juu ya kaswende yake, naye aliwacheka wanateolojia waliokuwa na hakika kupita kiasi juu ya nia ya Mungu katika ugonjwa huo. Guayako haikumponya. Alipofika Basel Erasmus alikataa kuonana naye. Zwingli ndiye aliyempa hifadhi, akafa mwaka 1523 katika kisiwa cha Ufenau, ziwa la Zürich, akiwa na umri wa miaka 35.

Matengenezo ya Kanisa yalikuja na hatua yake ya kudhibiti. Luther alikuwa amelalamika mwaka 1520 kwamba miji ya Kikristo inaendesha madanguro ya hadhara, na miji mingi iliyopokea Injili ikayafunga. Augsburg ililifunga danguro lake mwaka 1532. Tunaiona hatua hiyo kuwa ya haki kwa sababu zake za kiroho, lakini kama udhibiti wa ugonjwa haikuwa na matokeo makubwa, kwa kuwa wanawake walifukuzwa na wanaume waliowaendea walibaki mjini.

Sheria kwa wanawake, na sheria kwa wote

Mtindo wa kumdhibiti mwanamke peke yake ulifikia kilele chake katika karne ya 19. Ufaransa iliwaandikisha makahaba na kuwapima kwa nguvu. Uingereza ilifuata kwa sheria za mwaka 1864, 1866 na 1869, zilizohusu miji ya bandari na ya kambi za jeshi. Polisi aliruhusiwa kumkamata mwanamke yeyote aliyemshuku, naye akapimwa sehemu zake za siri, na akionekana mgonjwa akafungiwa hospitalini kwa miezi kadhaa. Mwanamume hakupimwa. Ilisemwa kwamba kumpima askari kungemvunjia heshima.

Aliyeongoza mapambano dhidi ya sheria hizo alikuwa Josephine Butler, mke wa kasisi wa Kianglikana. Kuanzia mwaka 1869 alizunguka nchi nzima akisema hadharani mambo ambayo bibi mwenye heshima hakutarajiwa hata kuyajua. Mume wake, George Butler, alimwunga mkono akijua kwamba jambo hilo lingemfungia njia ya kupandishwa cheo. Sheria zilisimamishwa mwaka 1883 na kufutwa mwaka 1886. Hoja ya Butler haikuwa kwamba ugonjwa ni jambo dogo. Alisema kwamba serikali inayomwadhibu mmoja kati ya wawili waliotenda jambo moja haitafuti afya, inatafuta wanawake safi kwa ajili ya wanaume.

Baadaye zilikuja sheria za namna nyingine. Denmark mwaka 1906 na Sweden mwaka 1918 ziliondoa usajili wa makahaba, zikatoa matibabu bure kwa kila mgonjwa, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini, na papo hapo zikamlazimisha kila mgonjwa atibiwe. Zilikuwa nchi za Kilutheri zenye dola imara, nazo hazikuogopa kulazimisha. Ila zililazimisha wote. Uingereza ilichagua njia ya hiari. Tume ya Kifalme iliyofanya kazi kutoka 1913 hadi 1916 ilikadiria kwamba katika miji mikubwa si chini ya watu 10 katika kila 100 walikuwa na kaswende, ikapendekeza kliniki za bure na za siri, na serikali kuu ikakubali kulipa robo tatu ya gharama. Njia hizi mbili zilitofautiana sana, lakini zote mbili zilimwita mgonjwa kwenye tiba.

Wakati huo tiba ilikuwa imeanza kupatikana. Mwaka 1905 Schaudinn na Hoffmann waliona kijidudu cha ugonjwa huko Berlin. Mwaka 1906 Wassermann na wenzake walitoa kipimo cha damu. Na mwaka 1910 dawa ya Salvarsan ilianza kuuzwa. Dawa hiyo ya aseniki ilikuwa mchanganyiko wa 606 katika majaribio ya Paul Ehrlich na mwenzake Mjapani, Sahachiro Hata. Ilikuwa dawa ya hatari, iliyohitaji sindano nyingi kwa muda mrefu, lakini ilikuwa bora kuliko zebaki.

Kilichoonekana Uganda

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilimtuma Uganda Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi aliyekuwa bingwa wa kaswende. Taarifa yake, iliyochapishwa mwaka 1908, iliitikisa London. Alidai kwamba ugonjwa umeenea Buganda kiasi kwamba katika sehemu fulani watu 90 katika kila 100 walikuwa nao, na kwamba taifa zima lilikuwa hatarini kutoweka. Alitaja sababu, na ya kwanza kati ya hizo ilikuwa kuingia kwa Ukristo. Kwa maoni yake, mafundisho ya wamisionari yaliwafungua wanawake wa Kiganda kutoka katika ulinzi mkali wa zamani, na adhabu za kale zilipoondolewa watu wakaishi wapendavyo.

Hebu tuyapime maelezo hayo. Lambkin hakulaumu biashara ya pembe, misafara, majeshi wala vita vya miaka ya 1880 na 1890 kwa uzito uleule aliowalaumu wanawake walioanza kutembea barabarani. Idadi ya watu ilikuwa imepungua kweli, lakini katika miaka hiyohiyo malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika mwambao wa Ziwa Viktoria na visiwa vyake. Wamisionari nao hawakuwa na jibu zuri. Dk. Albert Cook wa hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na misioni ya Kianglikana mwaka 1897, aliamini vilevile kwamba kaswende imeenea mno, na kazi kubwa ya ukunga aliyoianzisha pamoja na mkewe Katharine ilitiwa nguvu na hofu hiyo. Serikali ilianza kuwapima watu na kujenga vituo vya tiba. Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kama kituo cha magonjwa haya.

Je, ilikuwa kaswende? Hapa ndipo historia inapokuwa ngumu. Kijidudu cha kaswende kina ndugu yake, ambaye huleta buba. Buba huwapata hasa watoto, huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, wala haina uhusiano na tendo la ndoa. Ipo tena aina ya kaswende ya vijijini ambayo huwapata watoto kwa kunywea chombo kimoja na kulala pamoja. Vidonda vyao hufanana, na vipimo vya kawaida vya damu havitofautishi magonjwa haya hata leo. Mwaka 1956 J. N. P. Davies, bingwa wa patholojia huko Kampala, alichapisha historia ya kaswende nchini Uganda, akatoa hoja kwamba sehemu kubwa ya kile walichokiona akina Lambkin kilikuwa ugonjwa wa zamani wa utotoni usiotokana na zinaa. Ikiwa Davies yu sahihi, basi taifa zima lilisomewa hukumu ya uasherati kwa sababu ya ugonjwa walioupata watoto wao wakicheza uani.

Wala Waganda hawakuwa peke yao. Katika karne ya 18 wakulima na wavuvi wa Norway na Sweden walisumbuliwa na ugonjwa wa vidonda ulioitwa radesyge, ambao wengi waliouchunguza baadaye wameuhesabu kuwa wa jamii hiyohiyo ya kaswende ya vijijini. Zilijengwa hospitali kwa ajili yao. Hatujapata kusoma kwamba daktari yeyote alihitimisha kwamba Ukristo ndio uliowaharibu Wanorway.

Katika miaka ya 1920 sindano za neosalvarsan na za bismuthi zilifika katika zahanati za serikali na za misioni Tanganyika, Kenya na Uganda. Vidonda vya buba vilikauka kwa siku chache, na watu wakaja kwa mamia. Mapenzi ya watu wetu kwa sindano, ambayo wahudumu wa afya huyalalamikia mpaka leo, kwa sehemu kubwa yalizaliwa hapo. Misioni nyingi ziliandika kwa furaha kwamba sindano ilifungua mioyo kwa Injili. Jambo hilo ni kweli, nalo lina mtego ndani yake. Mtu aliyeponywa buba akaandikwa kuwa ameponywa kaswende aliingia darasa la ubatizo akiwa na dhambi kwenye cheti chake.

Kutoka Oslo hadi Alabama

Profesa Caesar Boeck wa Oslo, mji ulioitwa Kristiania siku zile, aliamini kwamba zebaki ina madhara kuliko faida. Kwa hiyo kati ya mwaka 1891 na 1910 aliwaweka hospitalini wagonjwa wapatao 2,000 bila zebaki, mpaka dalili zilipotoweka. Dawa bora haikuwapo. Dhamiri yake ilikuwa safi. Mrithi wake, Edvin Bruusgaard, aliwatafuta baadhi yao na mwaka 1929 akachapisha habari za wagonjwa 473. Ikaonekana kwamba wengi waliishi bila madhara makubwa, na wengine waliharibiwa vibaya.

Madaktari wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani waliisoma taarifa hiyo wakataka kujua kama kwa watu weusi mambo yangekuwa vilevile. Mwaka 1932 walikwenda Wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, karibu na chuo cha Tuskegee, wakawachagua wanaume 399 wenye kaswende iliyojificha na wengine 201 wasio nayo. Wote walikuwa weusi, wengi wao wakulima maskini katika mashamba ya watu wengine. Waliambiwa wana “damu mbaya”. Hawakuambiwa jina la ugonjwa, wala kwamba hawatatibiwa. Walipewa chakula cha moto siku ya kupimwa, usafiri, vidonge vya kutuliza maumivu, na baadaye ahadi ya fedha za mazishi ikiwa familia itakubali maiti ipasuliwe. Walipotobolewa uti wa mgongo kwa uchunguzi, barua iliwaita kana kwamba wanakwenda kupata tiba maalumu.

Tofauti kati ya Oslo na Tuskegee haiko katika kitendo cha kuacha kutibu peke yake. Boeck aliacha dawa aliyoamini ni sumu. Madaktari wa Macon waliacha dawa waliyoamini inafaa, ambayo wenzao walikuwa wakiwapa watu wengine. Mwaka 1943 John Mahoney na wenzake walionyesha New York kwamba penisilini huponya kaswende, na kufikia mwaka 1947 ilikuwa tiba ya kawaida Marekani. Watu wa Macon hawakupewa. Wakati wa vita majina yao yalipelekwa kwenye bodi ya kuandikisha askari ili jeshi lisiwatibu. Hali hiyo iliendelea kwa miaka 40.

Nasi wachungaji tusipite haraka hapa. Wanaume hao waliitwaje? Waliitwa kupitia shule na makanisa. Matangazo yalitolewa ibadani, na upimaji ulifanyika katika majengo ya kanisa. Hatuna sababu ya kudhani kwamba wachungaji hao walijua siri. Walidhani serikali hatimaye imewakumbuka maskini wao. Muuguzi Eunice Rivers, mwanamke mweusi aliyeaminiwa na kila nyumba, aliwasindikiza wagonjwa hadi kaburini. Dhuluma ile isingedumu hata mwaka mmoja bila uaminifu wa watu wa namna hiyo.

Peter Buxtun, mfanyakazi wa idara hiyohiyo huko San Francisco, alipeleka malalamiko kwa wakuu wake kuanzia mwaka 1966. Mwaka 1969 jopo la wataalamu lilikutana likaamua kazi iendelee. Ndipo habari ikafika kwa mwandishi Jean Heller, ikachapishwa Julai 1972, na mwaka huohuo mradi ukasimamishwa. Kwa kadirio linalotajwa mara nyingi, wanaume 28 walikuwa wameuawa na kaswende yenyewe na wengine 100 na matatizo yaliyotokana nayo, wake 40 walikuwa wameambukizwa, na watoto 19 walizaliwa nayo. Rais Clinton aliomba radhi tarehe 16 Mei 1997 mbele ya wazee wachache waliobaki. Mwaka 2010 ilijulikana tena, kwa utafiti wa mwanahistoria Susan Reverby, kwamba kati ya mwaka 1946 na 1948 madaktari wa idara hiyohiyo walikuwa wamewaambukiza kwa makusudi wafungwa, askari, wanawake makahaba na wagonjwa wa akili nchini Guatemala. Huko hapakuwa hata na kisingizio cha kutazama tu.

Sindano moja

Penisilini ilibadili hesabu yote. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF ziliendesha kampeni dhidi ya buba na ndugu zake katika nchi 46. Watu wapatao milioni 300 walichunguzwa, milioni 50 wakatibiwa, na ugonjwa ukapungua kwa asilimia 95 hivi. Huko China serikali mpya ilifunga madanguro kuanzia mwaka 1949, ikawapima mamilioni, ikawatumia wahudumu wa vijijini waliofundishwa kwa muda mfupi. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Ma Haide, daktari aliyezaliwa Marekani kwa jina la George Hatem. Mwaka 1964 ilitangazwa kwamba kaswende imekaribia kwisha. Mafanikio hayo yalikuwa ya kweli, na yalipatikana katika nchi ambamo raia hakuwa na nafasi ya kukataa. Tangu miaka ya 1980, biashara na uhamiaji vilipofunguliwa, ugonjwa umerudi kwa nguvu.

Marekani nayo iliweka mpango wa kuutokomeza mwaka 1999, wakati idadi ya wagonjwa ilipokuwa ndogo kuliko wakati wowote tangu ianze kuandikwa. Kliniki za umma zikapunguziwa fedha kwa kuwa ugonjwa ulionekana umekwisha. Mwaka 2022 waliandikwa wagonjwa zaidi ya 207,000 wa hatua zote, na watoto 3,755 waliozaliwa nayo. Nchi tajiri kuliko zote, yenye kila kipimo na kila dawa, imeshindwa kuwafikia mama zake, wakati Cuba, nchi maskini, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 kuwa ya kwanza kukomesha uambukizo wa VVU na wa kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Thailand na Belarus zilifuata mwaka 2016. Belize, Jamaika na Saint Vincent na Grenadines zilifika mwaka 2024. Si lazima nchi iwe tajiri. Yatosha kila mjamzito afike kliniki mapema, apimwe, na atibiwe siku hiyohiyo.

Ushahidi wa jambo hilo ulitoka kwa sehemu kubwa Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994 vijiji na miji midogo 12 ya mkoa huo ilishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa haya katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizo mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. (Utafiti uliofanyika Rakai, Uganda, kwa kutibu watu wote kwa pamoja haukupata matokeo hayo, na wataalamu wamebishana sana juu ya sababu.) Kisha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Deborah Watson-Jones na wenzake walionyesha kwamba huko Mwanza, miongoni mwa wajawazito ambao hawakupimwa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu walikufa kwa sababu ya kaswende, na kwamba sindano moja ya penisilini ilitosha kumrudisha mama katika hali ileile ya mjamzito asiye na ugonjwa.

Nusu. Idadi hiyo yapasa isomwe na kila mchungaji aliyewahi kuzika mtoto asiyepewa jina. Wengi wetu tumeketi na wanandoa waliopoteza mimba mbili au tatu. Wakwe wameanza kunong’ona, jirani ametajwa kuwa mchawi, na mara nyingi ni mke anayetakiwa aungame. Tunaomba nao, na ni vema tuombe. Lakini ni wangapi kati yetu wanaouliza kama wote wawili, mume na mke, wamepimwa damu? Aliyemtibu mke na kumwacha mume amefanya kazi ya bure, kwa kuwa ugonjwa utarudi chumbani usiku huohuo. Na mume hatakuja kupimwa ikiwa anajua kwamba jina la ugonjwa huo likisikika usharikani atatengwa na Meza ya Bwana kabla hajamaliza dozi. Nidhamu ya Kanisa ina mahali pake. Lakini tunaona kwamba haina haki ya kusimama mlangoni pa zahanati, wala damu ya mtu haiwezi kuwa shahidi wa dhambi yake. Historia ya buba imetuonyesha jinsi shahidi huyo anavyoweza kusema uongo. Wanafunzi waliouliza katika Yohana 9 ni nani aliyetenda dhambi walijibiwa kwa tendo la uponyaji.

Katika kliniki nyingi za Afrika mjamzito amekuwa akipimwa VVU kwa uhakika kuliko kaswende, ingawa damu inatoka katika kidole kimoja. Fedha za wafadhili zilikuja kwa ajili ya VVU. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo kimoja cha haraka kinachoonyesha vyote viwili, na pengo hilo limeanza kuzibwa. Hata hivyo, kwa makadirio ya shirika hilo, mwaka 2022 watu wazima milioni 8 duniani walipata kaswende, na wajawazito milioni 1.1 walikuwa nayo.

Kipimo bila dawa hakimsaidii mtu. Kati ya mwaka 2014 na 2016 nchi 39 zilitoa taarifa ya upungufu wa penisilini ya benzathini, ambayo ndiyo dawa pekee iliyothibitishwa kumponya mama pamoja na mtoto aliye tumboni. Mwaka 2023 upungufu uliifikia hata Marekani. Dawa hiyo haina hakimiliki tena, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba viwanda vinavyotengeneza malighafi yake duniani vimebaki vichache mno.